Bawa Lisilo na Mkia na Viatu vya Mama

Ndege yangu haina mkia. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeiona kwa mara ya kwanza hapa Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, huuliza mkia umekatikia wapi, na mimi nimechoka kujibu. Ni bawa tupu, nimelikata katika frigolite, lile povu jeupe ambalo televisheni hufungwa nalo ndani ya katoni. Ukingo wa mbele nimeuzungushia utepe wa kufungia vifurushi. Nyuma kuna mota ndogo ya umeme na pangaboi la plastiki, na katikati nimechimba shimo la batri. Mota na vikorokoro vingine niliviagiza kwa wafanyabiashara wetu wa Butembo, wale wanaokwenda China kutafuta vitenge na vipuri vya pikipiki. Aliyeniletea alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa na mwalimu wa fizikia aliye mtu mzima amletee mwanasesere.

Ndiyo, nafundisha fizikia. Mwanamke wa umri wangu, asiye na mume, anayepanda kilima kila Jumapili baada ya misa akiwa na povu la katoni kwapani, hawezi kukosa jina mtaani. Mimi naitwa Mama Avion, yaani Mama Ndege. Sikatai. Chifu wa mtaa nilikwenda kumwona mwenyewe kabla ya kuanza, nikamwonyesha ndege, akaipima uzito mkononi, akacheka, akasema nisiipitishe juu ya kambi ya askari wala juu ya kanisa. Nimelishika neno lake. Ningejua wakati ule kwamba mtu wa kumwomba ruhusa alikuwa mwingine, ningemwomba.

Acha nieleze ndege inavyoongozwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Katika ndege ya kawaida kila kazi ina mwenyewe. Mkiani kuna kisukani cha kuinua na kushusha pua. Kwenye mabawa kuna visukani vingine viwili vya kuilaza ndege upande huu au ule ili ikate kona. Yangu haina mkia, kwa hiyo visukani viwili tu vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, kimoja kushoto na kimoja kulia, vinafanya kazi zote mbili. Vikiinuka pamoja, pua inapanda. Vikishuka pamoja, pua inashuka. Cha kushoto kikiinuka na cha kulia kikashuka, bawa linalala kushoto na ndege inakata kushoto. Na nikitaka kupanda huku nakata kona, akili ndogo iliyomo ndani ya telekomandi ninayoishika mkononi inazijumlisha amri zangu mbili, kisha inakipa kila kisukani fungu lake.

Kazi mbili kwa kiungo kimoja zina hasara yake. Nikivuta fimbo ya telekomandi mpaka mwisho kutaka kupanda, visukani vinafika mwisho wa mwendo wao, na nikiomba kona wakati huo, kile kinachotakiwa kuinuka zaidi hakina tena pa kwenda. Ndiyo maana kila amri lazima ipunguzwe, ili nyingine ipate nafasi. Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulisahau kila mwaka: hata ndege ikienda moja kwa moja, fimbo zikiwa zimetulia katikati, visukani havilali sawasawa na bawa. Vinabaki vimeinuka kidogo. Ukivilaza kabisa, bawa lisilo na mkia linainamisha pua na kuingia ardhini.

Mara ya kwanza niliweka amri ya kisukani kimoja kinyume. Nikavuta ili ipande, ikabingirika na kutua ndani ya maharage ya jirani. Mpaka leo jirani huyo akiniona huniuliza, "Mwalimu, ndege ilishakula?" Tangu siku hiyo sirushi kabla ya kufanya jaribio mkononi: juu, chini, kushoto, kulia, huku nikiangalia visukani kwa macho yangu. Ni desturi ya kila mrusha ndege. Kwangu imekuja kuwa kitu kingine.

Mama yangu alifika akitoka Kasugho. Huko ndiko alikozaliwa, akaolewa, akamzika baba yetu, akabaki na shamba lake pembeni ya msitu, ndizi na maharage na mihogo, akikataa kila mara nilipomwambia aje mjini. Alikuja siku ambayo Kasugho nzima ilitoka ikikimbia risasi. Alikuwa akianika maharage uani, miguu mitupu, na hakupata nafasi ya kuingia ndani kuchukua viatu. Alitembea hivyo hivyo, na wenzake, mpaka walipokutana na pikipiki zilizokubali kuwabeba. Nilipompokea, nyayo zake zilikuwa zimechanika kama udongo wa kiangazi. Hakulia. Alisema tu, akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine, "Mutu mukubwa kama miye, kukimbia bila biatu. Ile ni haya."

Kesho yake nilimtafutia viatu sokoni, vyeusi vya turubai, vya kufunga kwa kamba. Akavijaribu, akatembea navyo kutoka mlangoni hadi jikoni, akasema, "Wasingya." Hilo ni asante ya Kinande, na mama yangu huitumia kwa mambo mazito tu. Chakula hukishukuru kwa Kiswahili.

Wiki zikapita. Akaanza kupika, kuchambua sombe, yale majani ya mihogo, kuwagombeza wapita njia waliokanyaga mboga zake. Mimi Jumapili nilipanda kilima kama kawaida, nikarusha, nikarudi. Kilima chenyewe kiko karibu hivi kwamba ndege ikikata kona pana inalipitia paa letu, na mlio wake, ule mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, unasikika uani. Nilikuwa nikiuliza, "Mama, uliiona?" Alikuwa akijibu, "Niliiona. Inapita muzuri." Nami nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa.

Nilichoona, na sikukitilia maanani, ni kwamba kila Jumapili nikirudi nilimkuta amevaa vile viatu. Nyumbani mama yangu hutembea miguu mitupu, au kwa ndara. Nikadhani anavaa kwa heshima ya Jumapili. Mwalimu mzima, kazi yake kuwafundisha watoto wa watu kuchunguza, na nyumbani kwake haoni.

Kisha Jumapili moja batri ilikataa, nikarudi mapema bila hata kumaliza mzunguko wa pili. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda karibu na lango. Viatu vimefungwa kamba kwa mafundo mawili. Magotini alikuwa na kitenge alichofunga kama mzigo, na nilipomuuliza ndani mna nini, akanionyesha bila kuficha: rozari, kadi yake ya uchaguzi, chumvi, kiberiti, chupa ya maji.

"Mama, unaenda wapi?"

"Siendi. Niko nangojea ile kelele iishe."

"Mais mama, si unajua ni ndege yangu?"

"Ninajua." Akagusa paji la uso. "Kichwa kinajua. Miguu, hapana. Kule kwetu ilianzaka vile. Kelele ya ndege ya bale ba bunduki kwanza, yulu. Kisha masasi ya bunduki. Kisha batu bote mu njia."

Kumbe kila Jumapili. Kila Jumapili wakati mimi nashangilia kona zangu, mama yangu alikuwa amekaa langoni na chumvi yake, akiwa tayari kuikimbia nyumba ya mwanawe. Na akinidanganya kwa upole ili nisikose raha yangu. Niliona aibu hata ya kulitazama lile bawa. Nililisukuma chini ya kitanda na kuapa kwamba basi.

Kuapa ni rahisi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nilijiambia, na kazi ya mtoto ni kumwonyesha mama kwamba unyasi ni unyasi. Nalikumbuka vizuri wazo hilo, kwa sababu lilinipendeza. Lilinipa njia ya kumhurumia mama na kuendelea kurusha, vyote viwili kwa mkono mmoja.

Nikatoa mota. Kwenye kilima chetu upepo wa mchana hupanda kutoka bondeni, na bawa jepesi linaweza kuupanda bila mota kabisa. Unalivuta kwa sandow, mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari, unaliachia, na visukani vyako viwili vinafanya mengine. Bila mlio hata kidogo. Nilijiona nina akili. Nilirusha Jumapili ile nikipita juu ya nyumba kimya, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha nikashuka kilima nikiwa na zawadi yangu tayari mdomoni.

Mama alikuwa ndani, amefunga mlango. Alinifungulia akiwa na viatu na mzigo mgongoni.

"Ni weye ulipitisha kile kivuli hapa?" aliuliza. "Kivuli kimepita juu ya maharage yangu, hakuna kelele, hakuna kitu. Mwanangu, ile ya kelele nilikuwa najua iko wapi. Hii nitajuaje?"

Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia, naye akanipa maji, jambo lililonifanya nilie zaidi. Ni yeye aliyepaswa kupewa maji.

Siku ile ndipo nilipoamua kumwonyesha. Nilirudisha mota kwenye bawa, nikaliweka uani juu ya meza, bila pangaboi ili asiogope, nikamweka mama mbele yake. Kumweleza visukani ilikuwa kazi, mpaka nilipochukua lungo lake la kupepetea. Nikamwambia, ukiinua mikono yote miwili, maharage yanakuja kwako. Ukiinua mmoja na kushusha mwingine, yanakimbilia upande. Bawa hili halina mikono zaidi ya hii miwili, na kila mkono unapokea amri mbili kwa pamoja. Alicheka. Akaniambia kwamba basi aliyelitengeneza ni bahili kama baba yangu, Mungu amrehemu, aliyetaka jembe moja lilime na lichimbe kaburi.

Tukafanya makubaliano. Sitarusha kamwe kabla ya kufanya jaribio mbele yake, na atakayetoa amri ni yeye.

"Yulu!" anaamuru. Navuta fimbo, visukani vyote viwili vinainuka.

"Chini!" Vinashuka.

"Kushoto!" Cha kushoto juu, cha kulia chini.

"Kuume!" Vinabadilishana.

Kisha anavikagua vikiwa vimetulia, kama vimebaki na kale kainuko kao. Hilo nilimfundisha mara moja tu na hakulisahau. Ndipo anasema, "Enda," nami naenda. Jumapili ya kwanza nilirudi nikamkuta bado amevaa viatu, ila mzigo hakuwa nao. Baada ya muda nikamkuta viatu viko miguuni lakini kamba zimelegezwa. Halafu ikafika Jumapili nilipoingia uani nikakuta viatu viko kando ya kigoda, vimepangwa, na mama anakunja vidole vya miguu kwenye jua huku akichambua maharage. Nilisimama langoni na kumtazama. Sidhani nimewahi kujisifu moyoni kiasi kile, hata siku nilipopata diploma.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Jumapili moja nilichelewa kutoka shuleni, tulikuwa na mkutano wa wazazi, na mwanga ulikuwa mzuri, upepo mzuri. Nilipitia njia ya mkato moja kwa moja hadi kilimani bila kufika nyumbani, kwa kuwa ndege nilikuwa nimekwenda nayo shuleni. Jaribio nililifanya peke yangu. Niliporudi nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha. Mama alikuwa amekaa miguu mitupu.

"Nilisikia kelele," akasema. "Nikasema, ni yake tu."

Ningepaswa kuogopa. Nilifurahi. Nilimkumbatia, nikamwambia, "Unaona, mama? Umepona." Makubaliano tulikuwa tumeyavunja sote wawili siku ile, mimi kwa kurusha, yeye kwa kutulia bila kutoa amri, na mimi nikaona ni sikukuu. Toka hapo jaribio tulilifanya nilipokuwa na nafasi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akiishi mji wa Beni, katika komini ya Beu, na mume wake anayeuza dawa za mimea ya kakao. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikwenda kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kama inavyompasa bibi. Sisi kwetu binti hajifungui peke yake, hata njia ikiwa mbaya kiasi gani. Mama alishuka Beni na gari la asubuhi, viatu vyake miguuni. Kwenye simu aliniambia mtoto ana masikio ya baba yetu. Akaniambia niende nikamwone. Nikamwambia nitafika Jumamosi, na nitakuja na ndege. "Nitairusha pale kwenye uwanja wa mpira," nikamwambia, "uwaonyeshe majirani."

"Nitabaambia," akasema. Sauti yake ilikuwa na majivuno, na ninayajua majivuno ya mama yangu.

Jumamosi ilipofika sikwenda. Hakukuwa na sababu yoyote ya maana. Usiniulize habari ya barabara, barabara siku ile ilipitika. Asubuhi nilipokuwa nafunga mzigo, kisukani cha kulia kilikwama, nikaona ni aibu kufika Beni na ndege mbovu mbele ya watu walioahidiwa ndege. Nikaanza kufungua, nikaharibu zaidi, nikatuma mtu sokoni kutafuta skrubu. Saa za gari zikapita. Nikajiambia nitapiga simu jioni na kusema nitakwenda kesho. Nilikuwa nimeinamia meza, nimeshika bisibisi, nafikiria kisukani.

Alasiri ile, Beu, mlio ulipita angani. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia neno kwa neno, bila kunihurumia. Mama alikuwa uani, amemaliza kumwogesha mtoto, amemfunga mgongoni. Miguu mitupu, maana maji ya kuogea hulowesha viatu. Majirani waliusikia mlio wakaanza kuita watoto wao ndani. Mama akawatuliza. Akasimama katikati ya njia, na mjukuu mgongoni, akiangalia juu, akacheka.

"Hapana kuogopa," akawaambia. "Ni ya mwanangu. Amefika."

Wakamsikiliza. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kuwabeba watoto wake akawateremsha. Mdogo wangu mwenyewe, ambaye hakunyanyuka kitandani, alikuwa amelala akisubiri nibishe hodi. Mama akatembea hadi kwenye kona kunitafuta kwa macho. Alikuwa pale konani wakati risasi zilipoanza upande wa pili wa mtaa.

Waliokoka. Naliandika hili upesi ili usiteseke kama nilivyoteseka mimi njiani, nisijue. Shemeji alimbeba mdogo wangu, majirani wakakimbia na watoto wao, na mama akakimbia na mtoto mgongoni, miguu mitupu, juu ya mawe, juu ya chupa zilizovunjika za mfereji wa soko, mpaka kwenye parokia walikokusanyika watu. Mtoto hakuamka hata. Viatu vyeusi vilibaki kando ya beseni.

Nilifika Beni kesho yake. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imefungwa bendeji. Nilipiga magoti kando yake. Alinyoosha mkono akanishika kichwa, akanikagua, kama mimi ndiye niliyekuwa nimekimbia.

"Hukukuja," akasema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anapanga mambo kichwani mwake. "Donc, basi, haikuwa yako."

"Haikuwa yangu, mama. Nisamehe."

"Nilizani ni yako. Ilikuwa naimba vile vile."

Nikaanza kueleza habari ya kisukani, ya skrubu, nikaisikia sauti yangu nikanyamaza. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, ananyonyesha. Yeye hapaki maneno asali. Tumetoka tumbo moja.

"Mama alikuwa na woga wake," akasema. "Ule woga ulimutoa Kasugho muzima. Nani alikuomba umufundishe hapana kuogopa? Alikuomba yeye?"

"Hakuniomba."

"Donc ulifanya juu ya nani?"

"Juu yangu, kwa ajili yangu mwenyewe," nilisema, kwa sababu ndilo lilikuwa jibu.

Mama akamkemea mdogo wangu, aniheshimu, mimi ni mkubwa wake. Sikutaka kuheshimiwa. Majuto ni mjukuu, husema watu, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mjukuu mwenyewe, mwenye masikio ya baba yetu, aliyebebwa mpaka kwenye kona ile kunipokea. Ile methali ya nyoka na unyasi nilikuwa nimeisoma kwa upande mmoja tu. Haisemi popote kwamba unyasi wetu hauna nyoka.

Tulirudi Butembo sote, mdogo wangu na mumewe na mtoto pia. Nyumba ikajaa. Viatu vya mama, shemeji ndiye aliyekwenda kuvichukua mambo yalipotulia. Vilikuwa pale pale kando ya beseni. Bawa nililipeleka darini, chini ya magunia. Nilikuwa na mpango wa kulivunja niwape watoto wa jirani frigolite, ila kila nilipopanda ngazi nilishuka mikono mitupu, na hilo nalo lilinitia aibu. Jumapili nikawa nakaa nyumbani nasahihisha kazi za wanafunzi. Miguu yake ikapona polepole, akaanza kuchechemea hadi kwenye mboga zake.

Nilichokiona sasa, kwa kuwa nilijifunza kuangalia, ni kwamba viatu havikutoka tena. Alipika navyo. Alisali navyo. Pikipiki ikipita kwa kasi barabarani, mkono wake ulishuka na kugusa kamba. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa, hivyo hivyo. Jirani aliponunua jenereta, mama hakula chakula cha mchana.

Kisha Jumapili moja, tukiwa tunamalizia bundu, ule ugali wetu wa mihogo, mama akaniambia nipande darini nikalete ndege.

"Hapana, mama. Ile kazi nimeiacha."

"Nani alikuambia uache?"

"Mama, si uliona yenyewe..."

"Niliona." Alikuwa amekasirika, na ni nadra. "Unakaa hapa Jumapili yote na uso kama wa matanga. Unazani unanisaidia? Kama haurushe yako, kila kelele itakuwa ya bale ba bunduki."

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Nilipanda ngazi nikalishusha bawa, nikalifuta vumbi kwa upindo wa kitenge changu, nikaweka batri. Visukani vilitetemeka vikatulia, vimeinuka kidogo kama inavyotakiwa. Nikalishika mbele yake.

"Yulu," akasema. Nikavuta. "Chini. Kushoto. Kuume." Aliangalia kila kisukani mpaka kikafika mwisho wa mwendo wake na kurudi. Alinifanya nirudie kushoto. Nilitii.

"Enda," akasema. Akavuta kigoda, akakaa, akainama, akafungua kamba za viatu vyake. Nikadhani anavivua. Lakini alikuwa anazifungua ili azikaze: akavuta kila tundu, akafunga fundo, akafunga la pili juu yake. Kisha akainua uso.

"Nitavivua ukirudi," akasema. "Ukiwa umesimama hapa, nayo iko mu mikono yako. Si mbele ya hapo."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Jaribio mbele yake, kila mara, hata mvua ikikaribia. Napanda kilima, narusha, na sirushi kwa muda mrefu tena, kwa sababu kila kona ya ziada ninayokata kule juu mama yangu anaingoja akiwa ndani ya viatu. Batri narudi nayo ikiwa bado na nguvu. Nikifika uani nasimama mbele ya kigoda chake, nanyoosha mikono miwili, namwonyesha bawa. Analigusa ukingo wa mbele. Halafu anainama na kuanza kufungua kamba.